Millet, Mwana wa Mkulima, na Kalamu Yake Nyeusi

Katika nyumba nyingi za Wakristo ipo picha moja ambayo watu huitundika ukutani bila kuuliza ni nani aliyeichora. Mume na mke wamesimama katikati ya shamba wakati wa jioni. Mume amevua kofia yake. Mke ameinamisha kichwa na kukutanisha mikono. Miguuni pao pana kikapu cha viazi, na mbali sana, pale mbingu zinapoigusa nchi, waonekana mnara mwembamba wa kanisa. Kengele ya Malaika wa Bwana imelia. Picha hiyo tumeiona katika kalenda, katika vitabu vya sala, hata juu ya sahani. Jina lake ni «Angelus», naye aliyeichora kati ya miaka 1857 na 1859 ni Mfaransa Jean-François Millet.

Lakini leo hatutakaa sana mbele ya picha hiyo ya rangi. Twataka kuwaonyesha vitu vidogo zaidi, yaani karatasi ambazo mtu huyo alizichora kwa kalamu nyeusi, nyingine hazipiti upana wa kiganja. Humo ndimo tunamoona, kuliko mahali pengine popote, jinsi alivyoitazama nchi na watu wanaoilima. Na tena, karatasi hizo ndizo zilizowalisha watoto wake siku zile picha zake za rangi zilipokosa mnunuzi.

Mwana wa shamba

Millet alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1814 huko Gruchy, kijiji kidogo cha Gréville, katika nchi ya Normandie, karibu na bandari ya Cherbourg. Nyumba zao zilikuwa za mawe, na mashamba yao yalikwenda kukoma kwenye majabali yaliyo juu ya bahari. Yeye alikuwa mwana wa kiume wa kwanza, kwa hiyo alishika kazi mapema pamoja na baba yake: kufyeka majani ya mifugo, kufunga miganda ya ngano, kupura, kupepeta, kutandaza samadi, kulima kwa plau, kupanda mbegu. Kazi zote alizozichora baadaye, mwili wake ulizijua kwanza. Jambo hili tusilisahau. Wachoraji wengi wa Paris walikwenda shambani kama wageni wanaotafuta hewa nzuri, wakarudi na picha za wasichana wenye mashavu mekundu, wakicheka kana kwamba mavuno ni mchezo. Millet alipomwona mtu ameinama na jembe, alijua ni mahali gani mgongoni panapouma.

Nyumbani mwao aliishi bibi yake mzaa baba, mwanamke wa sala nyingi, na pia ndugu wa babu yake, Padri Charles Millet. Padri huyo alikataa kula kiapo ambacho serikali ya Mapinduzi iliwadai mapadri wote, akawindwa kwa ajili hiyo. Amani iliporudi akakaa na jamaa yake, akasoma Misa na kulima kama wengine. Kijana alipokua, padri msaidizi wa parokia akamfundisha Kilatini, akamfikisha hata kwa Vergilius na Biblia ya Vulgata. Sisi tuliopita seminarini twajua jinsi vijana wengi wanavyomwona Vergilius kama gogo gumu la kupasua. Kwa Millet haikuwa hivyo. Mshairi huyo wa Roma alisema juu ya plau, ng'ombe, nyuki na vivuli vya jioni, mambo ambayo kijana aliyaona kila siku mlangoni pa nyumba yao. Akamsoma mpaka uzeeni.

Alianza kuchora katika saa ya adhuhuri, wakati baba yake alipojilaza kidogo. Kwanza aliiga michoro iliyokuwa katika Biblia ya zamani ya nyumbani. Kisha akachora alichokiona dirishani. Siku moja, alipotoka kanisani, alimwona mzee aliyepinda mgongo akirudi kwake polepole. Akatwaa kipande cha makaa, akamchora ukutani, mgongo ule ule, mwendo ule ule. Watu wa nyumbani wakamtambua mzee mara moja. Baba yake aliguswa sana. Akamwambia kwamba angalitamani kumpeleka zamani kujifunza kazi hiyo, lakini mikono shambani ilikuwa michache. Sasa wadogo zake wamekua, na watakwenda Cherbourg kuuliza.

Hapo ndipo tunapokutana na michoro miwili ambayo twapenda kukaa juu yake. Millet aliiandaa ili imwonyeshe mwalimu wa Cherbourg, Bwana Mouchel, kile anachokiweza. Katika mmoja, wachungaji wawili wako chini ya mti. Huyu anapiga filimbi, na mwenziwe anasikiliza, na kondoo wanakula majani mlimani. Wachungaji wa namna hiyo walichorwa mara elfu katika Ulaya, wakivaa nguo za Wagiriki wa kale. Hawa wa Millet walivaa koti za Normandie na viatu vya mti, kama wachungaji wa kijijini kwao. Mchoro wa pili ulikuwa wa usiku wenye nyota. Mtu anatoka mlangoni na mkate mkononi, na mwingine aliyesimama nje anaupokea kwa haraka. Chini yake kijana aliandika kwa Kilatini maneno ya Injili ya Luka, sura ya 11, juu ya rafiki anayegonga mlango usiku wa manane.

Mouchel hakutaka kusadiki kwamba mwana wa mkulima amechora mambo hayo peke yake. Aliposadiki, alimgeukia baba mtu, akamwonya kwamba atahukumiwa kwa kumweka kijana wa namna hiyo muda wote huo nyuma ya plau. Hayo yalikuwa katika mwaka 1833. Twaona kwamba mambo ya baadaye yalikuwamo tayari katika karatasi hizo mbili: kondoo, usiku, nyota, mtu maskini na mkate.

Miaka iliyofuata tuipite upesi, maana haikumletea furaha nyingi. Baba yake alifariki katika mwaka 1835. Mji wa Cherbourg ulimpa msaada wa fedha, akaenda Paris katika 1837, akaingia katika chuo kikubwa cha wachoraji, wala hakupatana na mafundisho yake. Mke wake wa kwanza, Pauline Ono, alikufa kwa kifua kikuu katika 1844. Baadaye aliishi na Catherine Lemaire, akazaa naye watoto tisa. Rafiki yake Alfred Sensier, karani wa serikali, ndiye aliyeandika habari za maisha yake. Asimulia kwamba katika siku ngumu za mapinduzi ya 1848 Millet alibadilisha michoro sita kwa jozi moja ya viatu, na picha moja ya rangi kwa kitanda. Wataalamu wa siku hizi wanaona kwamba Sensier alitia chumvi aliposimulia umaskini wa rafiki yake, na pengine ni kweli. Hata hivyo, mwenye kubadilisha michoro kwa viatu hafanyi hivyo kwa kupenda.

Kijiji na kalamu

Katika mwaka 1849 kipindupindu kilikuwa kinaua watu Paris. Millet akaondoka na mkewe na watoto watatu, pamoja na mchoraji mwenziwe Charles Jacque na jamaa yake. Walikuwa wamesikia habari za kijiji kizuri kando ya msitu wa Fontainebleau, lakini Jacque alikumbuka tu kwamba jina lake linaishia kwa «zon». Wakatafuta, wakakipata: Barbizon, mwendo wa kilomita sitini hivi kusini-mashariki ya Paris. Walidhani watakaa kwa muda mfupi. Millet alikaa huko mpaka kufa, isipokuwa kwa safari chache.

Barbizon ina pande mbili. Upande mmoja ni msitu wa miti mikubwa na mawe. Upande wa pili ni uwanda mpana wa Chailly, usio na kilima wala mto, mashamba tu mpaka upeo wa macho. Wachoraji waliofika huko wengi walipenda msitu. Mkubwa wao, Théodore Rousseau, alichora miti ya mialoni kwa uangalifu kama mtu anayeandika sura za wazee wake, tena aliisihi serikali iwazuie wakataji. Katika 1861 amri ya Kaisari Napoleon wa Tatu ilitenga hektari 1,097 za msitu huo kwa ajili ya uzuri wake. Millet naye alimpenda Rousseau kama ndugu, alipenda na msitu pia, lakini moyo wake ulielekea uwandani. Asubuhi alilima bustani yake mwenyewe. Baada ya chakula cha adhuhuri aliingia katika chumba chenye dari ya chini, akashika kalamu.

Yafaa tuseme kidogo juu ya kalamu hiyo, kwa kuwa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wanayo mikononi ndugu yake. Zamani kalamu nzuri za risasi zilitengenezwa kwa jiwe jeusi laini, grafiti, lililochimbwa Uingereza. Wakati wa vita vya Mapinduzi Waingereza hawakuuza tena bidhaa yao kwa Wafaransa. Ndipo Nicolas-Jacques Conté, mzaliwa wa Normandie kama Millet, alipovumbua katika 1795 njia ya kusaga grafiti hafifu, kuichanganya na udongo wa mfinyanzi, na kuioka motoni. Ukiongeza udongo, kalamu yawa ngumu. Ukipunguza, yawa laini na nyeusi. Penseli ambayo mwanafunzi wetu anaitafuna darasani ni mjukuu wa uvumbuzi huo. Jina la Conté limebaki pia juu ya vijiti vyeusi vya kuchorea, vilivyo vizito na laini, vinavyoshika vizuri juu ya karatasi yenye mikwaruzo. Vijiti hivyo ndivyo alivyovipenda Millet. Havikumgharimu sana, na kwa hivyo tu aliweza kutia mwanga wa jioni, vumbi, ukungu na moshi.

Namna yake ya kufanya ilikuwa hivi. Alikwenda uwandani bila sanduku la rangi, akiwa na daftari dogo mfukoni. Akisimama mahali, aliandika mistari michache tu: mstari wa nchi, mgongo wa mtu, mti mmoja. Nyumbani alianza upya kwa kumbukumbu. Alisema kumbukumbu hubakiza yaliyo ya maana na kuyaacha mengine yaanguke. Kwa sababu hiyo watu wake mara nyingi hawana uso. Kofia inafunika macho, au kivuli kinamwangukia mtu, au amegeuka. Tumewafundisha watoto kuchora darasani kwa miaka kadhaa, nasi tumeona kwamba mtoto akiambiwa amchore mama yake shambani, humsimamisha wima na kumgeuza atutazame, macho makubwa, kinywa kinacheka, jembe limening'inia mkononi kama mwavuli. Hivyo ndivyo mtu anavyokaa mbele ya mpiga picha. Mtu anayelima anaitazama kazi yake. Millet alituacha sisi nyuma ya mgongo wa mkulima, kana kwamba tumepita njiani naye hakutuona.

Wanawake watatu, uwanda mmoja

Tuchukue mfano wa waokota masuke. Katika Ufaransa ya siku zile, kama katika Israeli ya Ruthu na Boazi, maskini waliruhusiwa kuingia shambani baada ya mavuno kuokota masuke yaliyoanguka. Haki hiyo ilikuwa na masharti yake: mavuno yawe yamekwisha kuondolewa, na jua liwe halijachwa. Millet alichora habari hiyo mara nyingi kwa kalamu, kabla ya kuifanya picha kubwa ya rangi aliyoionyesha Paris katika 1857. Wanawake watatu wako mbele. Wawili wameinama mpaka vidole vinagusa mabua. Mmojawapo ameuweka mkono mgongoni, na mkononi humo ameshika masuke aliyokwisha kuyapata. Wa tatu yuko katikati ya kuinama na kusimama. Nyuma yao, mbali, katika mwanga mzuri, waonekana marundo makubwa ya ngano, gari lililojaa, na msimamizi juu ya farasi. Tazameni mstari wa upeo wa macho: hakuna mwanamke aliyeuvuka vizuri, kana kwamba nchi haijawaruhusu kusimama.

Hakuna neno la kulalamika katika mchoro huo, wala ngumi iliyoinuliwa. Lakini matajiri wa Paris waliuogopa. Walikumbuka mapinduzi ya 1848, wakasema wanawake hao ni tishio, mwandishi mmoja akawafananisha na miungu watatu wa kale wanaokata uzi wa maisha ya watu. Alipoonyesha katika 1863 mtu aliyechoka, ameegemea jembe lake juu ya nchi yenye miiba na mawe, kelele zilizidi. Wakamwita mchochezi. Millet alijibu katika barua kwa Sensier. Alikana kuwa mtu wa chama chochote. Wanasema, aliandika, kwamba mimi nakana uzuri wa shamba. Kumbe mimi naona humo zaidi ya uzuri. Naona maua madogo yenye duara la nuru, naona jua likitawanya utukufu wake mbali juu ya mawingu. Lakini pia naona farasi wanaotoa mvuke wakilima uwandani, na mahali penye mawe naona mtu aliyevunjika mgongo, ambaye tangu asubuhi tumesikia akihema, anayejaribu kujinyosha apate pumzi.

Sisi twaona kwamba jibu hilo latosha, na kwamba waliomshtaki na wale waliomsifu kwa siasa walikosa pamoja. Hakuwachora maskini ili awape watu hasira, wala hakuwapamba ili awape watu usingizi mzuri. Na duara la nuru juu ya maua halikuwa maneno ya barua tu: miaka michache baadaye alichora kwa chaki za rangi kipande cha ardhi chenye maua hayo madogo ya njano ambayo kila mkulima huyang'oa, mengine yamechanua, mengine yamekwisha kuwa mipira myeupe ya manyoya. Mchoro huo uko Boston, Marekani. Ameinama mwenyewe kuyatazama, karibu kama waokota masuke.

Lakini mchoro tunaoupenda kuliko yote hauna mtu hata mmoja. Ni uwanda wa Chailly katika kipupwe. Millet aliufanya kwa rangi za mafuta katika 1862, akaufanya tena kwa chaki. Mbele kabisa liko lile fremu lenye meno ya kuvunjia madongoa, limelazwa. Nyuma kidogo iko plau, imeachwa mahali ilipofika. Kunguru wametua udongoni, wengine wanaruka. Mawingu ni mazito. Basi. Hapana mti mzuri wala mto, hapana ng'ombe, hapana nyumba ya karibu yenye moshi. Mwanafunzi aweza kuuliza: ni nini hapa cha kutazama? Akae kidogo. Ataona kwamba vyombo hivyo viwili vyanena juu ya mtu kuliko kama angalikuwapo: amefanya kazi mpaka nchi ilipokataa, ameviacha, amekwenda nyumbani kungoja. Mwenye kulima ajua kungoja huko. Ghala yapungua, mbegu haziguswi, na watoto wanauliza.

Kungoja huko Millet alikujua hata Barbizon. Alimwandikia Sensier katika kipupwe kimoja kwamba kuni zimebaki za siku mbili tatu, wala mwuzaji hatoi bila fedha, na mkewe atajifungua mwezi ujao. Bibi yake alipokufa katika 1851, na mama yake katika 1853, hakuweza kwenda kuwaona kwanza, kwa kukosa nauli. Alipofika hatimaye kwa kugawanya urithi, hakuomba shamba. Aliomba vitabu vya yule padri, ndugu wa babu yake, na kabati kubwa la mwaloni. Katika 1855 alichora mkulima anayepandikiza chipukizi katika mti, mkewe amesimama karibu na mtoto mikononi. Mtu akainunua kwa faranga 4,000, ikasemwa ni Mwamerika. Baadaye sana ikajulikana kwamba Mwamerika huyo hakuwapo: ni Rousseau, aliyeificha hisani yake nyuma ya jina la mgeni.

Tangu 1860 hali ilikuwa afadhali, kwa kuwa alipata mkataba wa faranga 1,000 kila mwezi, ingawa kwa kutoa kazi zake zote. Kisha mjenzi wa majumba, Émile Gavet, alianza katika 1865 kumwagiza michoro ya chaki, mmoja baada ya mwingine. Hapo kalamu yake nyeusi ikavaa rangi: kwanza mistari myeusi, kisha chaki juu yake kidogo kidogo, hata kondoo wakaonekana zizini usiku chini ya mwezi, mchungaji na mbwa wake wakilinda. Zizi hilo, tueleze, ni la kuhamishwa; wachungaji wa uwanda walilisogeza usiku hata usiku ili kondoo watie mbolea katika shamba lote. Katika miaka ya 1866 hata 1868 alimpeleka mkewe mgonjwa kwenye maji ya dawa ya Vichy, naye kwa kungoja akajaza karatasi ndogo kwa kalamu ya wino: vilima, vijia, ua wa miti, mto mdogo. Ni michoro ya haraka, lakini ukiifuata njia unaona mahali inapopanda na mahali inapoteremka, na mguu wako unajua.

Vita vya Waprusi vilipokuja katika 1870, alikimbilia Cherbourg na watu wake. Jambo moja la huko lachekesha, ingawa yeye hakucheka. Kila alipotoa daftari lake njiani, watu walimdhani mpelelezi anayechora ngome. Alikamatwa mara mbili na kupelekwa mbele ya wakubwa wa askari. Wakamwachilia baada ya kuulizia habari zake, lakini wakamshauri asionekane hata kama mtu anayeshika kalamu. Alikuwa katika nchi yake ya kuzaliwa, mwendo wa saa chache kutoka kijijini kwao.

Millet alifariki Barbizon tarehe 20 Januari 1875. Siku kumi na saba kabla ya hapo, tarehe 3 ya mwezi ule, yeye na Catherine walifunga ndoa mbele ya padri. Alizikwa Chailly, karibu na Rousseau aliyemtangulia katika 1867. Mchoraji mzee Corot, ambaye naye alibakiwa na mwezi mmoja tu wa kuishi, alimpa mjane faranga 10,000 kwa ajili ya watoto.

Mwezi wa Juni mwaka ule ule Gavet aliuza kwa mnada michoro yake 95. Kabla ya mnada ilionyeshwa Paris, na kati ya watu walioingia kuitazama alikuwamo kijana wa Kiholanzi wa miaka 22, karani katika duka la picha. Alimwandikia ndugu yake kwamba alipoingia chumbani humo alisikia moyoni kama neno lile aliloambiwa Musa mbele ya kichaka chenye moto, kwamba avue viatu, kwa kuwa mahali pale ni patakatifu. Jina lake Vincent van Gogh.

Bei zikapanda. «Angelus», iliyouzwa kwa faranga 1,000 katika 1860, iliuzwa kwa 553,000 katika 1889, na mwaka uliofuata tajiri Alfred Chauchard akailipia zaidi ya 700,000. Leo iko katika nyumba ya makumbusho ya Orsay, Paris. Jamaa ya mchoraji hawakupata kitu katika fedha hizo. Habari hiyo ilisimuliwa sana, na kati ya mambo yaliyowasukuma Wafaransa kutunga sheria ya mwaka 1920 huhesabiwa hiyo pia: tangu wakati huo mchoraji au warithi wake hupata sehemu ndogo kila mara kazi yake inapouzwa tena mnadani.

Van Gogh naye alikuwa mchoraji, mwenye bahati mbaya kuliko Millet. Katika 1889 alikuwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini ya Ufaransa, na siku nyingi hakuruhusiwa kutoka nje. Alikuwa na karatasi za chapa zilizotengenezwa kwa michoro ya Millet: mvunaji, mpuraji, mkata manyoya ya kondoo, mwanamke anayefunga miganda. Hazikuwa na rangi hata moja, nyeusi na nyeupe tu. Akaanza kuzifanya upya kwa rangi, zaidi ya ishirini, akisema kwamba si kunakili bali ni kutafsiri kutoka lugha moja kwenda nyingine. Katika Januari 1890 alifikia chapa ya ule uwanda wa Chailly. Akaweka fremu lenye meno mahali pake, na plau mahali pake, na kunguru. Katika picha yake nchi imefunikwa na theluji, rangi ya kijani iliyofifia na buluu. Picha hiyo iko Amsterdam. Mkulima bado hajarudi kuchukua vyombo vyake.